Mbwa Yupi Aingie Katika Kamusi Elezo?

Mwezi uliopita alinitembelea kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili kabla sijastaafu. Ninaishi Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Mkunguni, na wanafunzi wangu wa zamani wakija sokoni hupita kunijulia hali. Huyu hakuja kwa salamu pekee. Yeye na wenzake wanajitolea kuandika makala za kamusi elezo kwa Kiswahili, na safari hii ameangukiwa na kidahizo cha “mbwa”. Baada ya shikamoo na marahaba alinipa karatasi sita, akasema, “Mwalimu, naomba unisahihishie sarufi tu.”

Sarufi ilikuwa safi. Upatanisho haukuteleza hata mahali pamoja, na kwa mtu aliyefundisha ngeli kwa zaidi ya miaka thelathini hilo ni jambo la kushukuru. Tatizo lilikuwa mbwa mwenyewe. Nilizisoma karatasi zote sita nisimtambue.

Kurasa mbili zilikuwa orodha ya koo za mbwa wa Ulaya: wachungaji wa kondoo wa Scotland, walinzi wa Ujerumani, wadogo wa kupakatwa mapajani. Ukurasa wa tatu ulihusu mashindano ya urembo wa mbwa, wa nne mbwa wa sinema. Laika, yule mbwa aliyerushwa angani na Warusi mwaka 1957, alipewa aya nzima. Mbwa koko hakutajwa popote. Kuhusu ugonjwa hatari kuliko yote aletao mbwa palikuwa na sentensi moja tu: “Tazama makala ya kichaa cha mbwa.”

Nilimwomba aniachie rasimu kwa wiki moja. Haya ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomjibu, nikiyapanga upya kwa ajili yenu wasomaji, kwa kuwa swali lake linamhusu kila anayeandika maarifa kwa Kiswahili: katika mengi yajulikanayo, lipi liwekwe mbele?

Makala ya jumla si ghala. Wanaolijua Soko la Kariakoo, jengo lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, wanajua kwamba shehena hukaa shimoni, na juu kila mfanyabiashara ana kizimba chake chenye nafasi ya kupimwa. Kizimbani haweki kila alicho nacho. Huweka kile ambacho mpita njia anakihitaji leo, na akiulizwa zaidi hutuma mtu shimoni. Mwandishi wa kamusi elezo naye ana kizimba. Orodha ya koo mia za mbwa ikae shimoni, katika makala yake yenyewe, na anayeitaka aelekezwe huko.

Sasa nitazame rasimu kipengele kwa kipengele. Sentensi yake ya pili ilisema kwamba mbwa “ametokana na mbwa mwitu”. Mwandishi alitafsiri neno la Kiingereza kama tulivyozoeshwa na Biblia ya Kiswahili, ambamo mnyama yule mkali anayewavamia kondoo huitwa mbwa-mwitu. Lakini msomaji wa Kitanzania ana mbwa mwitu wake. Ni yule mwenye mabaka na masikio ya mviringo, awindaye kwa kundi katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huyo si babu wa mbwa wa nyumbani. Hata jenasi zao ni mbili tofauti, na vidole vyao havilingani: mbwa mwitu wetu ana vinne katika mguu wa mbele, mbwa wa nyumbani ana vitano. Babu wa mbwa ni mnyama wa Ulaya na Asia, aliyeanza kuishi na binadamu zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Jina moja linabeba wanyama wawili, na mwandishi asipolifafanua atakuwa amefundisha kosa kwa sarufi isiyo na kosa. Sentensi moja ya ufafanuzi yatosha, ila haiwezi kukosekana.

Pili, mbwa koko. Saa nne usiku, maduka ya Mtaa wa Congo yakishashusha milango ya chuma, mbwa hujitokeza wawili wawili kufuata mabaki ya mabucha na vichwa vya samaki. Hawana mwenyewe, lakini wana mitaa yao, na walinzi wa usiku huwajua mmoja mmoja. Kijana aliniambia hakumwandika mbwa koko kwa sababu “si ukoo unaotambuliwa”. Ni kweli, ukoko si ukoo. Ni hali ya maisha. Lakini mbwa wengi duniani huishi hivyo, wakirandaranda bila kufungwa, na makala ya jumla isiyowataja inaeleza wachache kana kwamba ndio wote. Kuhusu huko kutambuliwa nilimpa mfano wa basenji, mbwa wa misitu ya Kongo asiyebweka kama wengine, ambaye leo yumo katika orodha za koo zinazoheshimiwa Ulaya na Marekani. Jina lake linahusishwa na neno lile lile tulilo nalo sisi: mshenzi. Aliitwa mbwa wa washenzi, akavushwa bahari, akapewa cheti. Historia hiyo nayo inastahili sentensi mbili za kamusi elezo ya Kiswahili, maana msomaji wa Kiswahili ndiye atakayeisikia mara moja.

Tatu, dini. Rasimu ilinyamaza kabisa, nadhani kwa adabu. Adabu hiyo siikubali. Waislamu wa pwani yetu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Asiyelijua hilo hataelewa kwa nini nyumba nyingi za Kariakoo hazina mbwa ndani. Lakini aandike pia kwamba sheria hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda, na kwamba Kurani, katika Sura ya Pango, inamtaja mbwa aliyelala kizingitini pamoja na vijana waliokimbilia imani yao. Mwenye kutaja nusu ya kwanza bila ya pili hajawatendea haki Waislamu wala mbwa.

Nne, lugha. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, nilipomsimulia jambo hili alisema methali na matusi vibaki katika fasihi, kwa kuwa kamusi elezo ni kitabu cha sayansi. Sikukubaliana naye kwa yote. Methali ni ushahidi wa namna watu walivyoishi na mnyama. Tunaposema “mbwa hafi maji akiona ufuko”, tunakiri ustahimilivu wake. Tunaposema “ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini”, tunaonyesha mpaka tuliomwekea. Mbili hizo zinatosha. Ishirini zingekuwa mkusanyiko wa methali. Tusi nalo liandikwe kwa sentensi moja, bila kulipamba: kwamba kumwita mtu mbwa ni kumvunjia heshima vibaya. Anayejifunza Kiswahili akitoka katika nchi ambako mbwa huitwa mwana wa nyumbani anapaswa kulijua hilo kabla hajafanya mzaha.

Nimeliacha la tano mpaka mwisho kwa sababu kwangu si la nadharia.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya bweni, bara. Kijibwa kimoja kilijikokota hadi nyuma ya jiko la shule. Kilikuwa kimya, taya limelegea, mate yakichuruzika. Mvulana wa kidato cha pili alikionea huruma, akakipelekea ugali, kikamng'ata kidole. Jeraha lilikuwa dogo kuliko punje ya mahindi. Tulijua kuna kichaa cha mbwa, lakini neno lenyewe lilitupoteza. Kichaa tulichokijua ni cha kukimbia, kubweka na kurukia watu. Kijibwa hiki kilikuwa kimepoa. Tunawafundisha watoto kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama, lakini siku hiyo sisi wenyewe hatukuikumbuka methali yetu.

Hata hivyo niliingiwa na wasiwasi, nikaenda kwenye kabati la ofisi ya walimu. Palikuwa na kamusi elezo ya Kiingereza, ya juzuu nyingi, iliyochapishwa Uingereza. Nikafungua makala ya mbwa. Nakumbuka picha za rangi, safu kwa safu za mbwa waliochanwa manyoya. Kuhusu ugonjwa palikuwa na elekezo la kutazama juzuu ya herufi R. Juzuu hiyo haikuwepo kabatini tangu nilipoajiriwa. Nikafunga kabati, nikaenda darasani. Kidole kilipakwa dawa ya vidonda. Kijibwa kilikufa siku ya pili, tukasema kimekufa kwa njaa. Katika wiki ya saba mvulana yule akashindwa kunywa maji. Alizikwa kwao kabla ya likizo.

Chanjo ya kumwokoa ilikuwa imeanza kutumika kwa binadamu tangu 1885, mikononi mwa Louis Pasteur. Ujuzi ulikuwepo, na elekezo lilikuwa sahihi kabisa. Wala siwalaumu waandishi wa kamusi ile. Uingereza ilikwisha kuuondoa ugonjwa huu nchini mwake mwaka 1922. Kwa msomaji wao, juzuu nyingine haikuwa mbali. Waliwaandikia watu wao, wakapanga kizimba chao kwa mahitaji ya watu wao. Kosa ni letu tunapotafsiri makala yao pamoja na vipimo vyake, tukadhani tumetafsiri maarifa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Takriban wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Basi makala ya mbwa kwa Kiswahili iseme yenyewe, katika ukurasa wake wa kwanza, mambo manne. Mbwa mgonjwa anaweza kuwa mkali au akawa mpole na mzito, taya likiwa limelegea. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15. Kisha aende hospitali akachanjwe hata kama jeraha ni dogo, kwa sababu virusi hupita katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Na mbwa huchanjwa: wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa hukosa njia, kama kampeni za Pemba zilivyoonyesha.

Kijana aliporudi nilimsomea haya yote. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, “Mwalimu, kwa hiyo niwafute mbwa wote wa Ulaya? Na Laika?” Nikamwambia asiwafute. Laika abaki kwa sentensi moja, nao wa Ulaya kwa aya moja. Dunia ni yao pia, na mtoto wa Kariakoo ana haki ya kuwajua. Ila wasikae mbele ya mbwa aliyelala chini ya meza ya muuza samaki, ambaye mtoto huyo atampita kesho akienda shule.

Amekwenda kuandika upya. Bado tunatafuta jina zuri la Kiswahili kwa yule babu wa mbwa wa nchi za kaskazini, lisilomchanganya msomaji na mbwa mwitu wetu. Mwenye neno, awe wa Lamu, Unguja, Bukavu au Maskati, alilete tulipime pamoja.