Mtoto haambiwi "catch" akadaka

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuzungumzie mpira. Si Simba na Yanga (ingawa huko nako nitapita), bali mpira unaorushwa ili mtoto wa miaka mitano audake. Najua wapo watakaosema huyu mwandishi kaishiwa habari. Subirini kwanza.

Majuzi nilikuwa Charambe, kule Mbagala, kwenye shule moja ya binafsi, zile tunazoziita ingilishi midiamu. Nilifuata habari nyingine kabisa, ya ada. Nikiwa nasubiri kuonana na mkuu wa shule, nikaangalia kipindi cha michezo cha watoto wa awali. Watoto thelathini na ushee, mpira mmoja, mwalimu mmoja kijana. Anarusha: "Catch!" Mtoto ananyoosha mikono kama anayepokea sinia la pilau, anafumba macho, anageuza uso pembeni, mpira unamgonga kifuani, puu, chini. Anakuja mwingine. Hivyo hivyo. Mmoja, mpira ulipompita, aliukimbiza mpaka kwenye ua wa michongoma, akaukumbatia kwa mikono miwili, akarudi nao huku anacheka. Akagombezwa!

Mimi nikaona yule ndiye aliyetii amri kuliko wenzake wote. Kama nyumbani kafundishwa kwamba "catch" ni kukamata, basi kakamata. Kuku anakamatwa, mwizi anakamatwa, na mpira umekimbia nao umekamatwa. Kosa lake nini?

Kiingereza kina neno moja linalobeba mizigo mingi. Unaweza ku-catch mpira, basi, mafua, hata samaki. Kiswahili chetu hapa ni tajiri zaidi. Tuna kukamata, kushika, kupokea, kunyaka, halafu tuna kudaka, neno linalokuambia kitu kiko hewani na wewe unakiwahi kabla hakijafika chini. Hata maneno yanadakwa: mtu anayedakia maneno ya wenzake tunamjua, hasubiri sentensi itue. Mtoto wa Mbagala ukimwambia "daka!" mikono inapanda yenyewe. Na mchezo wa mdako umepata jina lake humo humo: unarusha kokoto juu, unachota nyingine kutoka kwenye kishimo, unaidaka ya juu kabla haijatua. Dada zetu walikuwa wanaucheza huku wanapiga soga, na macho yao hayakukosea.

Sasa turudi kwa yule anayefumba macho. Kuna wazazi wanaodhani mtoto wa namna hiyo ni mzembe au muoga. Hapana, huo ni utoto tu. Mtoto wa miaka mitatu hivi hukinga mikono imekakamaa na kusubiri mpira umfikie. Wa minne au mitano anaukumbatia kifuani, na mara nyingi anageuza uso kwa sababu anaona kitu kinamjia usoni, nani asiyeogopa? Kudaka kwa viganja peke yake, macho yakiufuata mpira mpaka mwisho, huja taratibu, wengi wakiwa na miaka sita, saba au zaidi, na huja kwa wale waliopewa nafasi ya kujaribu mara nyingi. Hakuji kwa kupigiwa kelele.

Njia zenyewe wala si siri. Unaanza na kitu chepesi kinachoshuka polepole, kama kipande cha kanga kuukuu au puto, ili jicho lipate muda. Unafuata mpira mkubwa laini unaodundishwa chini kwanza ndipo udakwe. Halafu mtoto anajirushia mwenyewe. Mwisho kabisa ndipo anarushiwa na mwenzake, kwa karibu, kisha kwa mbali. Kuna na vidole: mpira ukija juu ya kifua vidole vielekee juu na gumba zikaribiane, ukija chini ya kiuno vidole vielekee chini, vile vidogo ndivyo vikutane. Na mikono irudi nyuma kidogo unapofika, kama unapokea yai. Mikono ikikakamaa, mpira unadunda na kukimbia.

Sasa nielezeni, wadau: hayo ya vidole, gumba na yai unamweleza vipi mtoto wa miaka mitano kwa lugha aliyoanza kuisikia Januari? Yule kijana, tulipopata dakika mbili, aliniambia anajua kabisa kwamba hawamwelewi, lakini utaratibu wa shule ni Kiingereza tangu getini mpaka chooni. Kwa hiyo anabaki na neno moja, na analipandisha sauti. Sauti ikipanda, mtoto anazidi kufumba macho.

Najua nitajibiwa: mzazi analipa ada kwa ajili ya Kiingereza. Sawa, nami simlaumu. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini mtoto akifika sekondari anakutana na Kiingereza kila upande. Mzazi kapiga hesabu zake. Ninachosema ni kwamba kipindi cha michezo ndicho mahali pazuri kuliko pote pa kumpa mtoto Kiingereza hicho, ilimradi kisifukuze lugha ya nyumbani. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1960 alijenga njia nzima ya kufundisha lugha kwa amri na vitendo: simama, geuka, tembea, gusa, na mwanafunzi anatenda kabla hajadaiwa kusema chochote. Neno linaingia na mwili. Kule Madrid, Hispania, mwaka 2004 walianzisha mpango wa shule za serikali za lugha mbili, na elimu ya viungo ni mojawapo ya masomo yanayoweza kufundishwa kwa Kiingereza. Lakini mtoto wa Madrid akitoka uwanjani anakutana na somo la Kihispania kwenye ratiba ile ile, na hakuna anayeona lugha yake ni uchafu.

Kwa hiyo mimi ningemwachia mwalimu nafasi hii: maelezo ya vidole yawe kwa Kiswahili, mara moja, kwa ufupi, kwa kuonyesha. Mpira ukiwa hewani apige kelele ya "catch" kwa Kiingereza, mara hamsini. Mtoto akisikia neno lile kila mpira unapotua kiganjani, atalijua mpaka uzeeni. Na lile la pili, "throw", atalipata siku hiyo hiyo bila kuandikiwa ubaoni.

Kwa ndugu zetu wa St. Kayumba tatizo ni jingine. Lugha wanayo, ila kipindi chenyewe hakionekani. Miaka ya 2000 somo liliitwa Haiba na Michezo. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 nao una michezo ndani yake. Kwenye ratiba ipo, lakini mitihani ya darasa la nne na la saba ikikaribia, kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kugeuzwa hisabati. Na darasa likiwa na watoto mia na kitu, mwalimu atamrushia nani?

Nilisema nitapita kwa Simba na Yanga. Mwaka 2003 Simba ilipoitoa Zamalek kwa penalti, langoni alikuwa Juma Kaseja, kijana wetu. Mwaka 2021 Yanga ikamleta Djigui Diarra kutoka Mali, na mwaka 2024 Simba ikamleta Moussa Camara kutoka Guinea. Siwakatai, wanajua kazi. Ila kwenye chandimu ya mtaani kwetu anayepelekwa golini ni yule aliyeshindwa kucheza mbele, na wa kike wanaojua kudaka kutokana na rede na netiboli hakuna anayewatazama. Kipa wa namna hiyo tunamtegemea atoke wapi?

Wengine watalia hakuna vifaa. Jamani! Enzi zetu mpira ulikuwa mifuko ya rambo na kamba. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, haya, lakini soksi zipo. Soksi kuukuu ijazwe vipande vya sponji ya godoro, ifungwe, tayari. Haiumizi, haidundi mpaka barabarani, na mtoto anayeogopa usoni hatageuka tena kwa sababu anajua ikimgonga haina madhara. Fundi godoro mmoja pale Tandika aliniambia vipande anavitupa kila jioni, anayetaka akachukue. Watoto thelathini wapate soksi thelathini, kila mmoja ajirushie wa kwake badala ya kupanga foleni kusubiri mpira mmoja.

Halafu wadau wa Zanzibar, najua nyie rede mnaiita nage. Tanga, Kigoma na Songea mnaiitaje? Na kwenu, mpira ukidakwa na wa katikati, anapata nini? Sisi tulikuwa tunampa "roho" moja ya ziada, na ugomvi wake ulikuwa hauishi mpaka maghribi.