Wito haulipi kodi ya keja

Mwalimu kijana akilalamika tu, hakosi mzee wa kumwambia eti ualimu ni wito. Sawa basi. Mbona wito huo hautajwi mishahara ya wabunge ikijadiliwa?

Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, serikali ilihitaji walimu wa Sekondari Msingi (JSS) mbiombio. TSC ikachukua maelfu kama wanagenzi, Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Na hawa si wanafunzi wa mazoezi, jamani. Wamehitimu, wamesajiliwa na TSC, na wanafanya kazi ileile anayofanya mwalimu wa kudumu. Wengine walisomea masomo mawili wakajikuta wanafundisha matano, maana shule ilikuwa na mwalimu mmoja au wawili wa JSS.

Aprili 2024 mahakama ya ajira ikasema kuwatumia hivyo walimu waliohitimu ni kukiuka haki zao. Mwezi uliofuata wengi wakaweka chaki chini, wakaingia barabarani. Kundi hilo likapewa ajira ya kudumu Januari 2025. Poa. Lakini mwaka huohuo wengine kama 20,000 wakaingizwa kwa mtindo uleule!

Watu hudhani walimu wanatoroka kwa sababu ya doo kidogo. Ni kweli kiasi. Kinachowamaliza zaidi ni kungoja bila tarehe. Mwalimu wa kudumu anaingia kwa sacco, anakopa, ananunua ploti ocha. Mwanagenzi anaulizwa mkataba unaisha lini, mazungumzo yanaishia hapo. Hata kuoa anaahirisha.

Mimi chuo sikumaliza, lakini wasee wangu waliosomea ualimu wakamaliza nawaona mtaani. Mmoja anauza mitumba mtandaoni, mwingine anaandikia watu wa ng'ambo kazi za intaneti. Ukiwauliza kama walichoka na watoto, wanakucheka. Huyo wa mitumba bado anamfundisha mtoto wa jirani hesabu jioni, bure.

TSC ikitaka watu kama hao wabaki darasani, iandike tarehe ya kuwathibitisha kwenye mkataba siku ya kwanza. Mwaka mmoja, usizidi. Na kama hela hazitoshi, Bunge na Hazina waseme hivyo kabla nafasi hazijatangazwa, ndio msee ajue mapema kama anajenga maisha ama anapita tu.