FUNDI NA KAZI YAKE: Msumeno wa Umeme wa Kukatia Pembe

Msumeno huu hugeuka kushoto na kulia, tena hulala ubavu, hata fundi akaweza kukata mshazari wa namna mbili kwa mara moja. Lakini kidole kilichokatika hakiungwi kwa gundi. Basi, ndugu fundi, vaa miwani, kunja mikono ya shati, wala usivae glavu, maana zikinaswa huuvuta mkono. Bana ubao uegemee ukingo wa nyuma, mkono wako ukae inchi 6 mbali na meno. Usiifunge kinga ya meno kwa kamba. Ngoja msumeno upate mwendo wake kamili, ndipo uushushe polepole. Ukiisha kukata, achia swichi, wala usiuinue mpaka meno yasimame kabisa.

Tena, usiziamini alama za mashine. Fremu ya picha ina pembe 4, yaani mikato 8; kosa la nusu digrii katika kila mkato hufika digrii 4, na pembe ya mwisho haifungi. Kata kwanza vipande viwili vya mabaki kwa digrii 45, uviunganishe na kuvipima kwa skwea. Vikikosea, rekebisha mashine kabla ya kuugusa ubao wa mteja.

Haraka haraka haina baraka.