Fundi wa diski aseme ukubwa wa faili kabla ya kupokea pesa

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Kwa familia iliyokimbia vita, diski ya ndoa si kitu cha mchezo. Nyumba imebaki nyuma, picha za ukutani zimebaki ndani ya nyumba, na wengi waliocheza siku ile hawako tena. Diski moja iliyofungwa ndani ya kitambaa ndiyo imebaki na uso wa baba na sauti ya bibi. Ndiyo maana wahami, wakipata pesa kidogo, wanaenda kwa fundi wa kompyuta kumwomba awawekee diski hiyo ndani ya flashi.

Hapo ndipo taabu inaanza. Fundi anapokea diski, anataja bei na kusema: "Mama, rudi kesho." Kesho yake filamu imeingia kweli, lakini sura za watu zimekuwa viraka viraka, na wakati wa ngoma hakuna anayetambulikana. Mama akiuliza, anajibiwa kwamba kompyuta ndiyo inaamua, mtu hawezi kujua mbele ya kazi filamu itakuwa na ukubwa gani ama itaonekana namna gani.

Jibu hilo si kweli, na wateja wasilikubali tena.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kila sekunde ya video inapewa kiasi cha biti, na kiasi hicho ndicho mafundi wanaita bitireti. Chukua biti za picha kwa sekunde moja, ongeza biti za sauti, zidisha kwa sekunde zote za filamu, halafu gawa kwa 8, kwa sababu baiti moja ina biti 8. Jibu ndilo ukubwa wa faili.

Tuseme ndoa ni ya saa mbili, yaani sekunde 7200. Fundi akitoa megabiti 1,5 kwa picha na 0,128 kwa sauti, jumla ni 1,628. Zidisha kwa 7200, gawa kwa 8: karibu mega 1465. Kwa hiyo filamu itachukua kama giga moja na nusu. Hesabu hiyo simu ndogo ya vitufe inaiweza.

Sasa geuza hesabu. Fundi anayelazimisha ndoa hiyohiyo iingie ndani ya mega 700, desturi iliyobaki tangu siku za CD, anabakiza chini ya megabiti 0,8 kwa sekunde, sauti ikiwa ndani. DVD ya kawaida ina nafasi ya giga 4,7. Ikijazwa na saa mbili, kila sekunde inapata megabiti 5 na zaidi. Ni kweli kwamba njia mpya ya kubana, kama H.264, inafanya kazi vizuri kuliko MPEG-2 ya DVD, kwa hiyo haihitaji biti nyingi kiasi hicho. Lakini kila kubana kuna mwisho. Ukipita mwisho huo, wa kwanza kupotea ni watu wanaocheza, kwa sababu picha inayotikisika sana inadai biti nyingi kuliko padri aliyesimama kwenye altare.

Mafundi wana neno moja la kweli: wakichagua kubana kwa ubora usiobadilika, programu inatumia biti kulingana na picha, na ukubwa unajulikana mwisho wa kazi tu. Hata hivyo, dawa iko. Ya kwanza, kubana kwa duru mbili: duru ya kwanza programu inapima filamu yote, ya pili inagawa biti mahali zinapohitajika, na ukubwa unatoka karibu kabisa na ule uliopangwa. Ya pili, kujaribu: bana dakika moja ya kanisani, moja ya mezani na moja ya ngoma, pima, halafu kadiria filamu nzima. Mteja anaonyeshwa hiyo dakika ya ngoma palepale. Akiona uso wa mama yake, kazi iendelee. Asipouona, biti ziongezwe.

Kuna neno lingine ambalo mafundi wengi hawalitamki: mara nyingi hakuna haja ya kubana. Diski tatu za giga 4,7, hata zikijaa, ni giga 14,1, na zinaingia ndani ya flashi ya giga 16 jinsi zilivyo, bila kupoteza kitu. Hata flashi zisizokubali faili moja ya giga 4 zinazipokea, kwa kuwa filamu ya DVD imekatwa tayari vipande vidogo. Faili ndogo ya simu inaweza kutengenezwa pembeni, lakini nakala kamili ndiyo iwe ya kwanza.

Wateja nao wana sehemu yao. Anayeleta flashi ya giga 2 na kudai ndoa tatu ziingie zote anaomba mwenyewe viraka. Na anayetaka bei ya chini kuliko wote asishangae fundi akichagua njia ya haraka ili umeme usikatike katikati ya kazi.

Lakini anayejua hesabu ndiye anayedaiwa zaidi. Mbele ya kupokea franka moja, fundi aseme mambo matatu: filamu ni ya dakika ngapi, itapewa biti ngapi kwa sekunde, na itachukua mega ngapi. Ayaandike kwenye karatasi. Na diski irudishwe mikononi mwa mwenyewe, isitupwe.

Kilichobanwa kupita kiasi hakirudi. Diski za kuandikwa zinaharibika kwa jua na joto, na chini ya hema la plastiki joto halikosi. Siku diski itakapokataa kusoma, faili ile mbaya ndiyo itabaki peke yake. Mtoto aliyezaliwa njiani atauliza babu alikuwa na sura gani, na ataonyeshwa viraka. Aibu hiyo inaepukika kwa kuzidisha na kugawa.