Chuma cha Makueni: Mpaka Lini Tutangoja Mholanzi Atuambie?

Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, pete ya chuma ilianguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Upana mita 2.5, uzani kama kilo 500. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja, likasema ni kipande cha roketi. Sawa. Roketi ya nani? Hapo ndipo tukakwama.

Aliyejitokeza na jina la roketi ni Marco Langbroek, mtaalamu wa kufuatilia setilaiti. Yuko Uholanzi! Alisema huenda ni kipande cha Ariane iliyorushwa Julai 2008. Huenda tu, si uthibitisho. Lakini hebu fikirieni: chuma kimeanguka shambani kwetu, anayekisia ni cha nani yuko Ulaya.

Najua mtaniambia nini. "Bro, Chaani maji hayatoki, wewe wataka darubini?" Mimi nakaa hapa hapa Chaani, maji ya mtungi nanunua kama nyinyi. Chuo niliacha, kwa hivyo hapa hakuna uprofesa. Nazungumza pesa.

Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo hulipa hasara kinayoleta ardhini, hata kama haikukosea. Si maneno matupu. 1978, setilaiti ya Usovieti, Kosmos 954, iliangukia Kanada ikiwa na mtambo wa nyuklia. Kanada wakadai, na 1981 Usovieti ikakubali kulipa dola milioni 3 za Kanada. Manake ilijulikana ni ya nani. Wewe ukigongwa na matatu ikatoroka na hukuona namba, utamshtaki nani?

Darubini ndiyo inayosoma namba. Jua likitua, huku chini giza linaingia lakini chuma kilicho juu bado kinapigwa na jua. Darubini yenye kamera inapiga picha: nyota zinatoka vitone, chuma kinatoka mstari. Pima mstari huo ukiulinganisha na nyota, rudia usiku mwingine na mwingine, utajua njia yake. Haitazuia kitu kuanguka, la. Lakini siku kikianguka, utakuwa na rekodi yako mwenyewe ya kuweka mezani.

Na sisi tuna bahati ya mahali. Waitaliano walikuja Ngomeni, hapo Malindi, wakarusha setilaiti kutoka baharini kuanzia 1967 hadi 1988. Setilaiti ya Uhuru iliondoka hapo 12 Desemba 1970. Walifuata ikweta, bana, si madafu. Na ikweta haijahama. Vyombo vinavyozunguka juu yake vinapita karibu na utosi wetu. Mholanzi anaviona chini sana, vingine havioni kabisa.

Kwa hivyo serikali ilete darubini mbili tatu, iziweke mbali na miji. Hapa Chaani hapafai, taa za bandari zishameza nyota. Ziendeshwe na vijana wetu, na rekodi ziwe wazi kwa kila mtu.

Kile cha Mukuku kilianguka bila kumpata mtu. Kijacho kikiangukia nyumba ya mamako, utataka kuambiwa "huenda"?