Ugonjwa ukikukosesha mtihani wa chuo, korti itakusaidia?

Mwanafunzi mwenye selimundu analazwa wiki ya mitihani. Akirudi chuoni anakuta barua: haendelei mwaka wa pili. Anaamua kwenda kortini. Je, atashinda?

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inampa pa kuanzia. Kifungu cha 27 kinakataza kumbagua mtu kwa sababu ya hali yake ya afya. Kifungu cha 47 kinampa haki ya kupewa kwa maandishi sababu za uamuzi uliomuumiza.

Lakini jaji hasahihishi mitihani. Korti huwa hazipendi kugusa alama. Huangalia kama chuo kilifuata kanuni zake na kumsikiliza mwanafunzi. Tena sheria ya 2015 kuhusu maamuzi ya kiutawala kwa kawaida inamtaka amalize kwanza rufaa za ndani ya chuo.

Kwa hivyo kesi inategemea makaratasi. Barua ya daktari ilifika lini, na nani aliipokea? Aliyeumwa kimyakimya atakuwa na kibarua kigumu. Ila chuo kilichopokea barua kikanyamaza, nacho kina maswali ya kujibu.