SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI, HATA AWE WA FUTI SABA

Kijiweni ukitaja mpira wa kikapu, jina la kwanza ni Hasheem Thabeet. La pili ni lawama: eti bahati aliichezea. Mimi nasema tumpunguzie mzigo kijana wa watu, tujiulize sisi tulimpa nini kabla hajapanda ndege.

Juni 2009, Memphis Grizzlies ilimteua akiwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote wa NBA. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza kufika kule! Lakini Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujaisha, akashushwa ligi ndogo kwenda kujifunza. Akapita Houston, Portland na Oklahoma City. Baada ya 2014 hakucheza tena NBA, akaendelea kutafuta riziki hadi Japani na Taiwan.

Nini kilipungua? Si urefu. Futi saba na inchi tatu anazo. Kilichopungua ni miaka. Alianza kucheza mpira huo hapa Dar es Salaam akiwa na miaka kama 15.

Sasa mtazame Tony Parker, Mfaransa aliyestaafu mwaka 2019. Urefu wake ni meta 1.88 tu. Baba yake alikuwa mchezaji wa kulipwa, hilo lilimsaidia. Lakini mwaka 1997, akiwa na miaka 15, alikuwa tayari ndani ya INSEP, chuo cha michezo cha serikali jijini Paris. Mwaka 2001 San Antonio Spurs wakamteua akiwa wa 28, mtu wa mkiani. Akatwaa nao ubingwa mara nne: 2003, 2005, 2007 na 2014.

Umeona? Miaka 15 ileile. Mmoja anaingia chuo cha taifa, mwenzake ndiyo kwanza anajifunza kudunda mpira.

Usiniambie hiyo ni akili ya Wazungu. Nenda Tabora uwaulize wazee. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Unyanyembe hadi Bagamoyo kwa miguu, begani frasila mbili, kwa ujira waliopatana wenyewe. Wageni waliopita njia ile waliandika kwamba huko Unyamwezini mtoto mdogo alipewa kipembe kidogo cha ndovu abebe, azoee. Hakuna aliyengoja kijana arefuke ndipo amtwishe mzigo wa watu wazima. Wazee wale, bila wizara ya michezo, walijua kuandaa.

Sisi tunafanya kinyume. Tunangoja mtoto arefuke, mgeni amwone, amchukue, kisha tunajaa redioni kusema "kijana wetu". Akiteleza, si wetu tena!

Leo mtoto wa Tabora aliyejaliwa kimo atakwenda wapi? Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi upo, lakini huo ni wa soka. Kikapu hakihitaji mabilioni. Kinahitaji sakafu ya saruji, nguzo mbili, mpira, na mwalimu anayelipwa kila mwezi, tangu shule ya msingi.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, mkubwa akija mtaani kwako kuomba kura na jezi mkononi, mwambie jezi tunazo. Muulize sakafu iko wapi, na mwalimu ni nani. Asipojibu, nawe usimjibu kwenye sanduku.